Nilivyovunja choo cha nyumbani sikukuu ya Pasaka, na mama mkwe ndiyo anatoka hospitali

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, sijui nilicheke au nilifiche. Leo nimeamua kuliandika lilivyo, hata pale ninapoonekana mjinga, na hapo ni pengi. Atakayetaka kunicheka anicheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Kondoa, nimeoa Mkwere wa Mkange, tunaishi Bagamoyo, njia ya kwenda Mbegani. Kazi yangu ni kupima viwanja.

Nyumba ni yetu. Tulihamia kabla haijaisha, kama wengi wenu mnavyojua mambo yenyewe. Choo ni kimoja, cha ndani, cha kuchuchumaa. Miaka sita hakijawahi kumsumbua mtu.

Sasa mwezi mmoja kabla ya Pasaka mama mkwe aliteleza kwenye tope nyuma ya nyumba yake kule Mkange, akavunjika nyonga. Akapelekwa Dar, akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma.

Daktari akashauri akitoka aje akae kwetu, maana Mkange ni mbali na kliniki, na ile barabara mvua ikinyesha haina adabu. Akamsisitizia mke wangu jambo moja: mama asichuchumae. Miezi mitatu, asichuchumae kabisa.

Kutoka ilipangwa Jumanne baada ya Pasaka.

Mke wangu, Mwajuma, aliniambia mapema sana tumwite Fundi Hamza atuwekee choo cha kukaa. Nikamwambia aache. Pasaka nina siku nne off, Ijumaa mpaka Jumatatu, mimi si mtu wa kanisani, nitafanya mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo niseme kuhusu hizi video za mtandaoni za DIY, za kujifanyia kazi mwenyewe bila fundi.

Niliangalia moja, jamaa kavaa shati safi, anang'oa choo na kuweka kingine kwa dakika kumi na moja. Anaongea huku anatabasamu. Kwenye zile video hakuna koki yenye kutu. Hakuna saruji inayokataa kuachia. Jamaa hata jasho halimtoki. Nikaiangalia mara tatu, nikajiona fundi.

Na kwa sababu niliamini choo ni kazi ya nusu siku, nikajiongezea na vingine. Mlango wa jikoni unaokwangua sakafu. Chumba cha mama kupakwa rangi. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji.

IJUMAA.

Nikaanza na mlango, ili nipashe misuli. Nikautoa kwenye bawaba, nikaupiga randa chini. Nikaurudisha, bado unakwangua. Nikautoa tena, nikapiga tena. Mara ya tatu nikachoka kuutoa na kuurudisha, nikaamua nipige randa nyingi ya kutosha nimalize ubishi.

Ubishi ukaisha kweli. Sasa hivi chini ya ule mlango paka anapita bila kuinama.

Mwajuma akauangalia, akaendelea kukuna nazi.

Nikahamia kwenye rangi. Ukuta wa kile chumba ulikuwa umetoka yale mapovu meupe ya chumvi, ambayo sisi wa pwani tunayajua. Nikasema nikwangue kidogo kabla ya kupaka. Nikakwangua, plasta ikaanguka kipande kama sinia. Nikakwangua pembeni, kikaanguka kingine. Kumbe aliyetupigia plasta alitumia mchanga wa ufukweni, na mimi nilikuwepo siku hiyo nikimpa maji ya kunywa.

Mpaka jioni nilikuwa nimeziba mashimo kwa saruji, chumba kinanuka unyevu, rangi iko kwenye kopo haijafunguliwa. Na kitanda cha mama mkwe kiko barazani.

JUMAMOSI.

Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi mjini, nikanunua choo cha kukaa, cheupe, kizuri, kiko kwenye boksi. Muuzaji akaniuliza nataka cha kutolea uchafu nyuma au chini. Nikamwambia vyovyote. Wakuu, mimi mtu ninayepima mipaka ya watu mpaka sentimita, nimejibu vyovyote.

Nikarudi, nikafunga maji, nikachukua nyundo na tindo. Nikazima na mlio wa simu, ili nisisumbuliwe, nikaiweka dirishani.

Nikalivunja lile sinki la zamani pamoja na marumaru yaliyolizunguka. Hapo niwe mkweli, kuvunja kulinipa raha sana. Ndiyo kazi pekee iliyokwenda kama kwenye video.

Tatizo ni kwamba sikuziba bomba. Kwenye video aliziba kwa tambara, nakumbuka kabisa, na mimi nikajisemea nitaziba nikishamaliza. Vipande vikadondoka ndani ya bomba. Nilikuwa navisikia vikienda. Nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa viwili, vingine nikavisukuma mbele zaidi.

Nikasema haya, hayo ni madogo, tupachike kipya kwanza. Nikafungua boksi.

Kipya kinatolea nyuma, ukutani. Bomba langu liko sakafuni.

Nilikaa kwenye ndoo nikakiangalia kama dakika kumi. Kisha nikakimbiza pikipiki mpaka dukani. Muuzaji akaniambia kwa upole kwamba boksi likishafunguliwa hawabadilishi, ila ananiuzia kiungo cha kupindisha, na hicho kiungo kiko stoo, na mwenye funguo ya stoo kaenda sikukuu, atarudi Jumatatu mchana.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni mwa choo akiangalia lile shimo.

Akaniuliza, taratibu tu, sisi wenyewe leo tunajisaidia wapi.

Wakuu, hilo swali sikuwa nimeliwaza.

Ikabidi twende kwa jirani, Bi Tatu, mjane mmoja mwenye roho nzuri na mdomo mrefu. Choo chake kiko uani, cha kuchuchumaa. Akatukaribisha bila neno, ila kila nikipita na kopo langu la maji ananiuliza, vipi baba, ujenzi unaendeleaje. Nilipita mara nne siku ile.

JUMAPILI.

Nikameza kiburi, nikamwita Fundi Hamza. Akaja saa nne, akachungulia ndani ya bomba na tochi, akacheka kwanza. Kisha akaniuliza ni nani aliyefanya hii kazi.

Nikamwambia ni fundi mmoja hivi alipita.

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda ni kwa sababu Mwajuma alikuwa mbali na asingenisikia. Hamza akaanza kumchambua huyo fundi, kwamba watu kama hao ndio wanaoharibu kazi za wenzao, kwamba hata bomba hakuziba, hata mtoto angejua. Na mimi nimesimama hapo naitikia, ni kweli fundi, ni kweli.

Akasema vile vipande vimekwama kwenye kona, inabidi afukue nje, afungue bomba kule, na kazi hiyo ataifanya Jumatatu kwa sababu leo amealikwa mahali. Nikamwambia sawa, mgonjwa wetu anakuja Jumanne, muda tunao.

Saa tisa na nusu alasiri nikasikia honi getini.

Nikatoka na kaptula na vumbi langu. Namwona shemeji Seif, kaka yake Mwajuma, anashuka kwenye gari la kukodi, anafungua mlango wa nyuma, anatoa walker, ile fremu ya kutembelea wagonjwa. Nyuma yake mama mkwe.

Kumbe wodi ilikuwa inapunguza wagonjwa kwa ajili ya sikukuu, walioendelea vizuri wakaruhusiwa mapema. Seif alimpigia Mwajuma, simu haina chaji. Akanipigia mimi. Nilipoenda kuiangalia simu, iko dirishani kwenye vumbi la marumaru tangu jana, bado iko kimya, missed calls zimejaa. Asubuhi nilikuwa nimemwita Hamza kwa simu ya Bi Tatu kwa sababu sikuikumbuka hata ilipo.

Tukamwingiza mama ndani. Anatembea hatua moja, anapumzika, hatua moja. Nikamwamkia, akaitikia, akasema nyumba inapendeza. Alikuwa amesimama pembeni ya kitanda kilichoko barazani anaposema hivyo.

Seif alitakiwa kurudisha gari la watu, akaondoka kabla ya saa kumi.

Sasa wakuu, lazima niwaeleze jambo moja ndipo muelewe yaliyofuata.

Mimi na mama mkwe tuna miaka tisa ya heshima. Yaani mazungumzo yetu yote ni shikamoo mama, marahaba baba, wa huko hawajambo, hawajambo. Nikiingia sebuleni yuko, nakaa dakika mbili natoka. Si ugomvi, ndivyo tulivyolelewa, yeye kwao na mimi kwetu. Kuzungumza naye habari za choo, hata kulitaja hilo neno mbele yake, ni jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Kwa hiyo nikajificha chooni. Nikajifanya nina kazi. Nilikuwa nagonga gonga tindo sakafuni ili isikike kuna kitu kinaendelea.

Saa kumi na moja Mwajuma akanifuata. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kimejaa, kimepoa.

Akasema, "Baba Zuhura, mama hanywi."

Nikamuuliza hanywi nini. Akaniambia hanywi chochote. Chai kakataa, maji kakataa, uji kakataa, anasema ameshiba. Ana vidonge vya saa kumi na moja, anataka kuvimeza vikavu. Na mnajua joto la Bagamoyo lilivyo. Tangu Dar asubuhi hajaweka tone mdomoni.

Nikaweka tindo chini. Mwajuma akasema kwa sauti ndogo kwamba mama ameshaona hakuna choo. Alipoingia tu aliona marumaru kwenye ndoo pale nje. Na kwa Bi Tatu hawezi kuchuchumaa. Kwa hiyo anajizuia ili asitusumbue.

Mara ya kwanza kwenye siku zote zile hasira zangu zikaisha. Zilikuwa ni hasira za bure, kwa muuzaji, kwa mwenye funguo ya stoo, kwa jamaa wa video. Sebuleni kwangu kuna mama mtu mzima, mgonjwa, amekaa na kiu ili mimi nisiaibike.

Nikanawa mikono, nikavaa kanzu, nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kochi letu, limemmeza, magoti yamepanda juu, na usoni unaona kabisa anaumia. Nikakaa kwenye mkeka, nikaangalia chini.

Nikasema, "Mama, naomba radhi. Choo nimekivunja mimi. Nilitaka kukutengenezea kizuri, nimeharibu."

Kisha akasema, "Najua baba. Una vumbi mpaka kwenye nyusi."

Nikainua macho, nikaona anajizuia kucheka.

Akaniuliza kama nina msumeno. Nikasema ninao. Akaniuliza kama nina kiti cha mbao, kigumu, kirefu, chenye mikono ya kushika. Akanieleza kwamba kule wodini walikuwa na kiti kimetobolewa tundu katikati, chini kuna beseni, na yeye muda wote alikuwa anatumia hicho, anashika mikono anakaa, anashika mikono anainuka, hahitaji mtu. Alieleza kama anavyoeleza mtu namna ya kupika kitu, bila aibu hata kidogo. Aibu yote ilikuwa kwangu.

Wakuu, seti yetu ya meza ya chakula ni ya mninga, ya harusi, viti sita. Kimoja tu ndicho chenye mikono, kile cha kichwani mwa meza, ninachokalia mimi.

Nilikuwa bado nakifikiria, Mwajuma ameshakileta uani.

Mninga ni mgumu, msiombe. Nikatoboa kwa drili matundu ya kuzunguka, nikaingiza msumeno mwembamba, nikakata taratibu, nikapiga msasa mpaka pakawa laini kama bakuli. Mara hii sikuangalia video. Mama alikuwa amesogezwa kwenye mlango wa uani, amekaa kwenye kiti kingine cha mbao, ananielekeza. Tundu lisogee mbele kidogo. Hapo pana ncha, papige tena. Kaa wewe kwanza tuone kama kinacheza.

Nikakaa. Mbele ya mama mkwe, kwenye kiti cha tundu, na kanzu yangu. Bi Tatu anachungulia juu ya ukuta wa makuti. Miaka tisa ya heshima iliishia pale.

Mguu mmoja ulikuwa unacheza kidogo, nikaukaza. Kabla ya adhana ya magharibi kilikuwa tayari, Mwajuma amekiweka kwenye kile chumba kisichopakwa rangi, na beseni lenye kifuniko.

Mama akaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikaenda kusimama mbali kabisa, kwenye geti, kwa adabu.

Aliporudi sebuleni, nilimsikia akimwambia Mwajuma, "Nipe maji." Akanywa bilauri mbili mfululizo. Akaomba na chai. Nilikuwa getini lakini niliisikia kila bilauri inavyowekwa mezani.

JUMATATU.

Hamza akaja na jembe, akafukua nje, akatoa vipande vyote, akavipanga chini kimoja kimoja kama ushahidi mahakamani. Mchana kiungo kikapatikana, akapachika choo. Kazi nzuri, lazima niseme.

Lakini huku anafanya kazi alikuwa anaendelea kumsema yule fundi wangu wa kubuni. Mama alikuwa amekaa karibu, kwenye upepo. Hamza akamwambia mama kwamba watu wawe makini na mafundi wa kupita, huyu aliyekuja hapa bila shaka alikuwa amelewa.

Mama akamjibu, "Huyo fundi ni mkwe wangu. Na pombe hanywi."

Hamza akaniangalia. Mimi nikaangalia jembe.

Sasa subirini, bado kuna hili.

Jioni choo kimekaa, kinaflashi vizuri, nimesafisha, nimeweka na sabuni mpya. Tukampeleka mama akakizindue. Akakiangalia, akakisifu sana, akashika walker, akajaribu kushuka akae. Akaishia katikati, akarudi juu.

Kifupi.

Akatueleza kwamba kwa mtu wa nyonga, goti halitakiwi kupita juu ya nyonga akikaa. Ndiyo maana kochi lilimuumiza. Ndiyo maana alisema kiti kirefu. Vyoo vya kukaa vya kawaida ni vifupi kwake, hata wodini hawakumruhusu kuvitumia, walimpa kile kiti. Mwajuma akamuuliza kwa nini hakusema wiki zote zile akiwa anapigiwa simu kila siku, anaambiwa mkweo anakutengenezea choo.

Mama akasema, "Mliniambia mnatengeneza. Hamkuniuliza nahitaji nini. Ningeanzaje kumrekebisha mkwe?"

Basi. Nikatoa beseni, nikakibeba kile kiti changu cha mninga, nikakisimamisha juu ya choo kipya. Kikaingia sawasawa, miguu inakizunguka. Ndivyo kilivyo mpaka leo naandika. Kule mezani mimi nakalia kistuli cha jikoni.

Nilichojifunza wakuu.

Fundi kuitwa mapema si aibu, na bomba linazibwa kwanza kabla ya nyundo, hayo hata mtoto anajua, Hamza alishasema. Kubwa kwangu ni lile la mama. Siku nne nimevunja, nimekwangua, nimedanganya, nimegombana na kila kitu kilichoko Bagamoyo, kwa ajili ya mtu ambaye sikumuuliza hata swali moja. Nilidhani kunyamaza mbele yake ndiyo heshima. Na yeye akadhani hivyo hivyo, karibu ameze vidonge vikavu.

Siku hizi tunaongea. Si sana, ila tunaongea. Jana ameniambia kitanda kiko chini pia, nikatafute matofali. Nimemuuliza mangapi.

Naomba waliowahi kuuguza mzazi wa nyonga au magoti wanipe uzoefu wao. Ni vitu gani vya nyumbani ambavyo hatuvioni sisi wazima, ila wao vinawatesa na hawasemi? Bafuni nifunge nini, kizingiti nikifanyeje? Andikeni tu, hata kama ni la kuchekesha. Majibu nitamsomea mwenyewe, achague yeye.